Daktari wa Vifijo

Kaeni, na aliyesimama aegemee ukuta, maana nchi tunayokwenda haipitiki kwa haraka.

Inaitwa Vifijoni. Iko mbele kidogo ya pale ramani zinapoishia, na njia ya kwenda huko haina cha kusimulia. Aliyefika huko alikuwa kijana mmoja, jina lake Badru, aliyemaliza kidato cha sita kwa matokeo ya kutembelewa na majirani. Shingo yake ilikuwa ngumu na ulimi wake moto. Ushairi hakufundishwa na mtu. Alijifunza mwenyewe kupima mizani kwa kugonga vidole kwenye meza ya kulia, mpaka mjomba wake akamhamishia jikoni na sahani yake.

Kwao, ukoo mzima ulikuwa umeshamchagulia kozi ya chuo kikuu. Mjomba alitaka asome sheria, shangazi alitaka uhasibu, na baba alitaka chochote chenye ofisi ya kiyoyozi. Badru alipowaambia kuwa atasoma lugha na ushairi, walicheka. Walicheka kwa upole, kama watu wanavyomcheka mtoto aliyesema akikua atamwoa bibi yake, na upole huo ndio uliomchoma. Kisha akasikia kuna nchi ambako kijana husimama mwenyewe uwanjani, kwa mdomo wake mwenyewe akataja anachotaka kusoma, na hakuna ndugu wa kumjibia. Akasema, "Huko ndiko kwenye watu." Akaenda.

Langoni mwa mji alipokewa na karani mmoja aliyevaa koti la mikono mirefu kupita mikono yake.

"Umekuja kuchagua kozi? Vizuri. Ukoo wako uko wapi?"

"Sina ukoo hapa. Mimi mgeni."

"Sasa atakayekushangilia nani?"

"Sikuja kushangiliwa, mzee. Nimekuja kusoma."

Karani akamtazama kama mtu aliyekuja harusini na taulo. "We kijana, hapa hakuna kusoma bila kushangiliwa. Lakini usihofu, serikali yetu ina huruma. Utaazimwa watu."

Ndipo Badru akaelezwa desturi ya nchi. Waliomaliza shule hukusanyika uwanjani pamoja na koo zao. Mmoja mmoja hupanda jukwaani na kutaja fani aitakayo, na papo hapo ukoo na umma hupiga vifijo na vigelegele, au hawapigi. Pembeni hukaa afisa aitwaye Msikilizaji Mkuu, mzee mnene ambaye masikio yake husafishwa kwa pamba kila asubuhi kwa gharama ya umma. Yeye hufumba macho na kunyanyua mkono kadiri ya ukubwa wa sauti. Mkono ukipita bega, kijana huwa ameshakuwa. Aliyesema udaktari huitwa Daktari kuanzia pale alipo, kabla hajashuka ngazi. Aliyesema sheria huitwa Wakili. Mkono usipopita bega, kijana anaruhusiwa kusoma akitaka, lakini hana cha kuitwa. Watu humwita "yule".

"Na masomo yenyewe?" Badru akauliza.

"Masomo yapo," karani akajibu, akionekana kuchoshwa na swali lile. "Chuo ni kikubwa sana."

Aliyeazimwa kuwa mama yake Badru aliitwa Bi Zuwena, mjane mrefu asiye na mtoto, mwenye mikono mikavu na kicheko cha ghafla. Wengine walioazimwa, wajomba na mashangazi, walikuja, wakala, wakaondoka. Bi Zuwena alimchukua kweli. Alimtandikia chumba cha mbele, akamuuliza anapenda ugali mgumu au laini, na siku ya pili alikuwa anamgombeza kwa kuacha viatu mlangoni kama aliyemzaa.

Jioni moja, akipepeta mchele uani, akamuuliza, "Haya niambie, mwanangu. Siku ya uwanja utataja nini?"

Badru akasita. Kisha, kwa kuwa mama yule alikuwa akitazama ungo na si uso wake, akamsomea shairi alilolitunga asubuhi, juu ya moshi wa jiko unaotoka nyumbani kabla ya wenyewe kuamka. Ungo ukasimama.

"Rudia hapo pa moshi," akasema Bi Zuwena.

Akarudia.

"Umeyasoma wapi haya?"

"Sikuyasoma popote. Nimejifunza mwenyewe. Nataka nikayasome vizuri, nijue waliotangulia walifanyaje. Lakini watu watanyamaza, mama. Mkono wa yule mzee hautanyanyuka hata kidogo."

"Waache wanyamaze. Wewe taja hilo hilo. Mimi nitapiga kigelegele hata nikiwa peke yangu uwanja mzima, na nina pumzi, usinione hivi." Akacheka, akarudi kwenye ungo wake.

Badru alilala siku ile akijiona simba. Alitunga hata maneno ya kusema pale jukwaani, makali, ya kuwachoma wote.

Siku ya uwanja ilifika. Walipanda vijana, na Badru aliona yale aliyoelezwa. Mmoja alisema uhandisi, umma ukalipuka, na hapo hapo mamlaka ya mji ikamwomba akakague daraja. Mwingine alisema urubani, mama yake akazimia kwa furaha, na alipozinduka akamwamkia mwanawe shikamoo.

Kisha akapanda msichana mwembamba aitwaye Rehani. Akasema kwa sauti iliyosikika mpaka nyuma, "Nataka kusoma udongo."

Hakuna aliyezomea. Kuzomea kungekuwa afadhali. Walinyamaza wote kwa pamoja, kimya cha kupangwa, na ndani ya kimya kile Badru alisikia mtu akimeza mate. Mama yake Rehani alijifunika uso kwa upande wa kanga. Baba yake alianza kutazama viatu vyake, halafu akaondoka taratibu akipita kati ya watu, akiomba radhi kila hatua. Mkono wa Msikilizaji ulibaki pajani. Rehani akashuka ngazi mwenyewe na hakuna aliyempisha, walimwacha apenye.

"Badru, mwana wa kuazimwa wa Bi Zuwena!" karani akaita.

Akapanda. Maneno yake makali alikuwa nayo yote kichwani, na yalikuwa na vina. Akawatazama watu. Akamwona Bi Zuwena mbele kabisa, ameshavuta pumzi, mkono uko karibu na mdomo, tayari. Angeshangilia peke yake, na watu wangemtazama kama walivyomtazama mama Rehani. Badru baadaye alijaribu kujiambia kuwa ndilo alilolihofia, kumwaibisha mama yule. Haikuwa kweli. Alihofia kimya kile kisije kikawa chake.

"Udaktari," akasema.

Uwanja ukapasuka. Watu ambao hakuwahi kuwaona walikumbatiana. Ila Bi Zuwena alichelewa. Alishusha pumzi aliyokuwa ameivuta, akamtazama Badru kama anayemtafuta mtu katika umati, kisha uso ukabadilika na kuwa kama wa mtu aliyekumbushwa jambo. Akapiga kigelegele ambacho Badru hakusahau tena, kirefu, cha kukata roho, kilichowafanya wengine wanyamaze wamsikilize yeye. Msikilizaji Mkuu alinyanyua mikono yote miwili, jambo ambalo watu walisema halijaonekana kwa miaka mingi.

"Daktari!" wakaita. "Daktari Badru!"

Baada ya chakula cha mchana, wageni walipoondoka, Bi Zuwena alifunga mlango wa chumba cha mbele, akakaa kitandani na kuinamisha kichwa.

"Daktari," alisema, na neno lile kinywani mwake lilikuwa jipya na laini. "Nina kitu. Kiko chini ya titi, upande huu. Nimekificha tangu mwaka jana. Madaktari wapo wengi hapa, lakini ni watoto wa watu, nitawavulia vipi nguo? Nikasema Mungu akinijalia wangu mwenyewe, nitamwonyesha. Leo uliposema lile neno, nikajua umenisikia moyo wangu." Akaanza kulegeza kanga begani.

Badru akageuza uso ukutani. Palikuwa na mjusi ukutani, na alimtazama mjusi yule kwa bidii.

"Si kitu, mama," akasema. "Ni uchovu wa kifua. Hupungua wenyewe."

"Hujaangalia."

"Nimeshaona. Funika tu."

Akasikia kanga ikipandishwa, na pumzi ndefu ya mtu aliyeutua mzigo. "Alhamdulillahi," akasema Bi Zuwena. "Nimelia bure mwaka mzima." Usiku huo alimpikia wali wa nazi.

Kesho yake Badru alikwenda mbio chuoni. Alijiambia atasoma kwa nguvu, atasoma kama mwehu, na atakapojua atamwangalia kweli. Chuo Kikuu cha Vifijoni kilikuwa kikubwa kama alivyosema karani. Ukumbi wa udaktari ulikuwa na viti vya ngozi na mapazia ya dhahabu, na ndani yake hakuwamo mtu ila mhadhiri mmoja aliyelala.

"Shikamoo mwalimu. Nimekuja darasani."

Mhadhiri akafumbua jicho moja, akaona mkanda mwekundu wa udaktari begani mwa Badru, akaruka kutoka kitini. "Daktari! Samahani sana! Kuna mgonjwa humu?"

"Hapana. Nataka unifundishe."

"Nikufundishe?" Mhadhiri akatazama huku na huku. "Daktari, nina familia. Kumfundisha daktari ni kumwambia hajui. Kuna sheria ya matusi katika nchi hii."

Badru akatoka. Nyuma ya ukumbi aliona mabanda yaliyoezekwa kwa makuti, yanavuja, na ndani yamejaa vijana wamebanana mabegani, wanaandika. Walikuwa wale waliopewa kimya. Rehani alikuwa mlangoni na tope mpaka viwikoni.

"Karibu, Daktari," akasema. "Umepotea njia?"

"Wewe unafurahi humu?"

"Baba hasemi nami. Furaha utaniulizia mwakani." Akajifuta tope kwenye sketi. "Lakini niliyemtaja pale juu nilikuwa mimi. Wewe ulimtaja nani?"

Moto wote wa ulimi wake, ambao ungemtosha kumjibu mjomba na shangazi na ukoo mzima, haukutoa hata cheche. Akaondoka.

Wagonjwa walianza kuja barazani. Badru hakujua la kufanya, akamwendea Daktari Mapande, aliyekuwa mkongwe kuliko wote na mwenye mkanda uliochujuka.

"Kijana, hii kazi ni nyepesi," Mapande akamwambia, akimmiminia kahawa. "Unakohoa kidogo. Unatazama mbali. Unasema neno ambalo mgonjwa hajawahi kulisikia. Akipona, umemponya wewe. Asipopona, alichelewa kuja."

"Na wewe ukiugua?"

Mapande akacheka mpaka kahawa ikamwagika. "Mimi huvuka mpaka, mwanangu. Kule wenzetu wana hospitali. Usimwambie mtu."

Badru alirudi akakohoa, akatazama mbali, na neno la ajabu likakataa kuja. Mzee mwenye homa alikuwa mbele yake, anangoja. Na hapo, bila kuitwa, vikaja vina.

"Homa mgeni wa mwili, hupita hupiga kambi,
Mpe uji na kivuli, atatoka bila dhambi."

Mzee alitokwa na machozi. "Hakuna daktari aliyewahi kusema nami hivi," akasema, akaenda zake akiyarudia maneno yale njia nzima.

Basi mambo yakawa ni hayo. Mwenye jino alipewa shairi la jino. Mwenye mtoto asiyenyonya alipewa beti zenye bahari na kina cha kati. Zile mizani alizojifunza kwa vidole mezani, alizozionea fahari kuliko damu yake, sasa alizipima ili uongo ukae vizuri. Na zilikaa. Hakuwahi kutunga kwa ulaini kama siku zile, na hakuwahi kujichukia hivyo. Kila alipopata kina kizuri alisikia mwili ukimsisimka kwa raha ya kazi, halafu haya ikampanda kutoka shingoni mpaka masikioni, moto, kama mtu aliyekutwa anaiba sadaka.

Bi Zuwena alianza kukonda. Alikuwa akibeba ndoo kwa mkono mmoja. Badru alipomuuliza, alisema, "Ni ule uchovu uliousema, Daktari. Bado unapungua."

Ndipo Badru akaenda kwenye Baraza Kuu, mbele ya Msikilizaji na makarani wake, akavua mkanda mwekundu na kuuweka sakafuni.

"Mimi si daktari," akasema. "Sijui chochote. Nilisema lile neno kwa woga. Nirudishieni jina langu."

Baraza likavurugika. Halikuwahi kuletewa jambo kama hilo, na wajumbe walilijadili kwa uzito mkubwa. Mmoja alisema daktari hawezi kuacha udaktari, kwa kuwa kilichomfanya daktari ni vifijo, na vifijo vimeshapigwa. Wa pili akasema basi vifijo virudishwe. Wa tatu akauliza, sauti iliyokwisha kutoka kooni hurudishwa namna gani? Wa pili akafikiri, akasema huenda inawezekana kupiga kigelegele kwa kuvuta pumzi ndani badala ya kuitoa. Akaitwa mama mmoja hodari ajaribu. Alijaribu, akapaliwa, akapigwapigwa mgongoni, na ikaandikwa kuwa haiwezekani.

Msikilizaji Mkuu, aliyekuwa amefumba macho muda wote, akanyanyua mkono wapate kunyamaza.

"Nimesikiliza," akasema. "Madaktari wetu wote hujisifu. Huyu ndiye wa kwanza kusema hajui. Unyenyekevu wa namna hii haujapata kusikika. Mvisheni mkanda. Mvisheni miwili."

Vifijo vikalipuka mle barazani. Badru alipiga kelele kuwa wanamsikia vibaya, na kadiri alivyopiga kelele ndivyo walivyozidi kushangilia. Habari ikamtangulia nyumbani. Bi Zuwena alimpokea mlangoni, amejitegemeza kwenye mwimo, uso umejaa fahari.

"Wamesema mwanangu ni mnyenyekevu kuliko wote."

Alikuwa na nafasi pale. Mlango ulikuwa wazi, hakuna mtu mwingine, na neno lilikuwa moja tu. Badru alilifungulia mdomo.

"Mama," akasema, "kuna mwenzangu ng'ambo ya mpaka. Daktari pia. Nataka akuangalie, tushauriane."

Hata hapo.

Wakaenda. Njia nzima watu walisimama kando na kuinamisha vichwa, "Shikamoo Daktari," wazee wenye mvi, na Bi Zuwena aliitikia kwa niaba yake kwa sababu yeye alikuwa hanyanyui uso. Alipochoka alimshika mkono. Ulikuwa mwepesi sana mkono ule.

Hospitali ya ng'ambo ilikuwa ya kawaida, yenye harufu ya dawa ya kupigia deki na watu waliochoka kungoja. Hakuna aliyeujali mkanda mwekundu. Waliingizwa kwa daktari mwanamke wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na yeye akanawa mikono, akavuta kiti, akamuuliza Bi Zuwena kilichomleta.

"Kuna uvimbe hapa. Lakini si kitu kikubwa, mwanangu ameshaniona. Naye ni daktari," Bi Zuwena akasema, na licha ya maumivu akakaa wima kidogo. "Wa mikanda miwili."

"Ohoo, basi sisi ni wa kazi moja," daktari akasema, akamgeukia Badru kwa heshima ya kazi, heshima ya kweli, isiyo na kelele. "Nisaidie basi. Ulipouangalia mara ya kwanza ulikuwa na ukubwa gani? Ulikuwa mgumu, au unasogea ukiugusa? Ni muhimu sana nijue umebadilika vipi."

Beti zilimjia. Zilimjia kweli, mbili kwa pamoja, tamu, zikiwa na vina tayari, na angeweza kuzisema. Daktari alikuwa ameshika kalamu. Bi Zuwena alikuwa anamtazama, anamngojea aseme yale maneno ya kitaalamu mbele ya mgeni.

"Sijui," akasema Badru.

"Huukumbuki?"

"Sikuuangalia. Niligeuza uso. Mimi si daktari, mama, sikuwa hata siku ile. Sijui chochote."

Chumba kikanyamaza, na kimya hiki hakikupangwa na mtu. Bi Zuwena hakulia wala hakupandisha sauti. Alimtazama kwa muda, akiirudia siku ile kichwani, mlango uliofungwa, uso ulioelekea ukutani.

"Nilidhani ni heshima," akasema.

Kisha akamgeukia yule mwanamke asiyemjua, mtoto wa watu, akalegeza kanga begani kwa ule mkono wake mmoja uliobaki na nguvu.

"Toka nje," akasema bila kumtazama Badru.

Akatoka. Kwenye benchi la ukumbini mzee mmoja alisogea kumpisha nafasi, akamuuliza kama watu waulizavyo wakingoja pamoja, "Umemleta nani, kijana? Mama?"

Badru akafungua mdomo kusema ndiyo. Haya ikampanda mpaka masikioni, akaufunga.